Asiyefunzwa na Babaye: Malezi na Ulimwengu katika Boyz n the Hood

Filamu ya Boyz n the Hood inaanza gizani. Kabla ya picha yoyote kuonekana, mtazamaji anasikia sauti za vijana, milio ya risasi, mazungumzo ya polisi kwenye redio ya upepo, na mtoto analia kwamba kaka yake amepigwa risasi. Yanafuata maandishi yanayosema kwamba mwanamume 1 kati ya kila 21 wa Wamarekani Weusi atauawa, na kwamba wengi wao watauawa na mwanamume Mweusi mwenzao. Ndipo inapokuja picha ya kwanza: kibao cha barabarani kinachoamuru magari kusimama, na juu yake ndege ya abiria inapita. Walio chini wameambiwa wasimame. Walio juu wanakwenda zao.

John Singleton, aliyeiandika na kuiongoza filamu hii, alizaliwa Los Angeles mwaka 1968 na kukulia katika sehemu ya jiji iliyojulikana kwa jina la South Central, jina ambalo halmashauri ya jiji ililibadilisha rasmi kuwa South Los Angeles mwaka 2003. Alikuwa amehitimu masomo ya sinema katika Chuo Kikuu cha Southern California muda mfupi tu uliopita wakati filamu ilipoingia kumbini Julai 1991. Umri wake ulikuwa miaka 23. Iligharimu takriban dola milioni 6 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 50. Mwaka uliofuata Singleton aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora, akiwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuteuliwa katika kundi hilo na mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka filamu hii katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kama urithi wa taifa. Singleton alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 51, na kazi yake hii ya kwanza ndiyo ambayo wengi huanza nayo wanapotaka kuzungumzia vijana Weusi wa mijini.

Umaarufu huo umeidhulumu filamu kwa namna fulani. Kazi inayojulikana na wengi hufupishwa ikawa fundisho moja, na fundisho ambalo Boyz n the Hood imefupishwa nalo ni hili: kijana aliye na baba huokoka, asiye na baba hupotea. Muundo wa kisa unauruhusu usomaji huo. Mwaka 1984 Tre Styles ana miaka 10. Anapopigana shuleni, mama yake, Reva, anampeleka akaishi na baba yake, Furious. Ng'ambo ya barabara wanaishi ndugu wawili wa mama mmoja, Doughboy na Ricky, kila mmoja na baba yake, na baba wote wawili hawapo. Miaka 7 baadaye Tre anajiandaa kwenda chuo, Ricky anacheza mpira wa miguu wa Kimarekani na kufuatwa na vyuo, na Doughboy ndiyo kwanza ametoka gerezani. Filamu inapokwisha, Ricky ameuawa kwa risasi, Doughboy amewaua waliomuua ndugu yake na ameandikiwa wiki mbili za kuishi, na Tre yuko Chuo cha Morehouse mjini Atlanta. Nyumba yenye baba imetoa msomi. Nyumba isiyo na baba imetoa maiti mbili.

Msomaji wa Kiswahili hulitambua fundisho hilo upesi, kwa kuwa lugha yake inalo tayari, ila limeelekezwa kwa mzazi mwingine. Asiyefunzwa na mamaye, husema wahenga, hufunzwa na ulimwengu. Wapo wanaoeleza kwamba mama wa methali hiyo ni mlezi yeyote yule. Hata hivyo, neno lililochaguliwa ni mama, na halikuchaguliwa kwa bahati. Singleton anaitamka methali ileile kwa kumweka baba mahali pa mama. Linalopaswa kuulizwa ni kama kisa anachokisimulia kinaithibitisha methali hiyo mpya. Ukikifuata tendo kwa tendo, utaona kwamba hakiithibitishi, na kwamba sehemu zenye nguvu zaidi katika filamu ni zile ambamo kisa kinalishinda fundisho lake.

Tuanze na baba mwenyewe. Furious, anayechezwa na Laurence Fishburne, ni mtu wa kauli. Anamwambia mwanawe sababu ya kufagia majani uani, anampeleka ufukweni kumweleza maana ya kuwajibika na ya kuzaa, na baadaye anawachukua Tre na Ricky hadi Compton ili wasimame mbele ya bango linalotangaza fedha taslimu kwa anayeuza nyumba yake. Hapo anatoa hotuba ndefu zaidi katika filamu. Anaeleza jinsi thamani ya ardhi inavyoshushwa ili watu Weusi waiuze kwa bei ya chini na wengine waipandishe baadaye. Mzee mmoja katika kundi lililokusanyika anapowalaumu vijana wanaouza dawa za kulevya, Furious anamuuliza ni Mweusi gani mwenye ndege au meli ya kuziingizia nchini, na ni kwa nini mitaa yao imejaa maduka ya pombe na ya bunduki kuliko mitaa ya wenye nacho.

Kumekuwa na malalamiko kwamba hotuba hizi ni mahubiri, kwamba mwongozaji anasimama mbele ya kamera na kumsahau mhusika. Lalamiko hilo lina uzito mdogo kwa hadhira ya Kiswahili. Fasihi yake imezoea mzazi anayesema moja kwa moja, akipanga nasaha zake nukta kwa nukta. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utenzi wake huko Pate mwaka 1858, hakuona haja ya kuuficha wasia wake ndani ya hadithi. Alimwita bintiye karibu na kumuusia. Kwa mtazamaji aliyelelewa katika utamaduni huo, Furious anatambulika kwa urahisi, na maneno yake hayawi mazito kwa kuwa ni maneno. Kinachomgutusha ni jambo jingine. Mwana Kupona aliusia akiwa mgonjwa, akijua kwamba yeye atatangulia na bintiye atabaki. Wasia wote umejengwa juu ya mpangilio huo: mkubwa huondoka, mdogo hurithi. Huko South Central mpangilio umegeuka. Furious anamuusia mtoto ambaye anaweza kuzikwa kabla yake, na kila nasaha anayoitoa ina haraka ambayo wasia wa kawaida hauna. Hafundishi namna ya kuishi vyema baada ya mzazi kuondoka. Anafundisha namna ya kufika miaka 20.

Ndiyo maana suala la akina mama katika filamu hii haliwezi kupitwa hivihivi. Miongoni mwa walioandika juu yake mapema alikuwa Michele Wallace, mhakiki Mweusi, ambaye aliona kwamba kamera ya Singleton inawatupia lawama wanawake wanaolea watoto peke yao. Ushahidi ni mwingi. Yupo jirani ambaye dawa za kulevya zimemfikisha mahali pa kumwacha mtoto wake mchanga atambae hadi barabarani, na ni Tre anayemwokota na kumrudisha. Yupo Brenda, anayechezwa na Tyra Ferrell, ambaye kwa Ricky ni mwenye tabasamu na kwa Doughboy ni mwenye matusi. Doughboy akiwa bado mtoto mdogo, mama yake anamwambia kwamba yeye ni kama baba yake na kwamba hatafika popote. Mtoto huyo hakukosa kufunzwa na mamaye. Alifunzwa, na alichofunzwa ni kwamba hana thamani. Lakini Brenda mwenyewe amefunzwa na nani? Filamu haituambii anafanya kazi gani, wala ilikuwaje akabaki na watoto wa wanaume wawili walioondoka. Wanaume hao hawaonekani, hawatajwi kwa majina, na kwa hiyo hawalaumiwi. Lawama yote inamwangukia aliyebaki nyumbani, kwa sababu ndiye anayeweza kupigwa picha.

Singleton, hata hivyo, ameweka ndani ya filamu sauti inayompinga, naye ameiweka kinywani mwa Reva. Reva na Furious wanakutana mkahawani kuzungumza juu ya Tre. Furious yuko katika hali yake ya kawaida ya mtu anayejua. Reva, kwa utulivu ambao Angela Bassett anaujengea tabasamu jembamba, anakiri kwamba amemlea kijana wao vizuri, kisha anamkumbusha kwamba alichokifanya ni kile ambacho akina mama wamekifanya tangu dunia iumbwe, na kwamba asijione mtu wa pekee. Mandhari hayo hayachukui dakika nyingi, lakini yanatosha kuitikisa filamu nzima. Yanatuambia kwamba sifa anayopewa Furious inatokana na uhaba wake. Baba anayemlea mwanawe anashangiliwa kwa kutenda jambo ambalo mama hulitenda kila siku bila kupigiwa makofi. Inashangaza kwamba wanaoitumia filamu hii kama hoja ya ubaba ni nadra kumtaja Reva, ilhali ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu ubaba huo. Ni yeye pia aliyetambua mwaka 1984 kwamba mtoto anahitaji kuhama, akakubali kukaa mbali naye. Uamuzi wa kwanza uliomwokoa Tre ulikuwa wa mama.

Tukija kwenye matendo ya vijana wenyewe, methali ya Singleton inazidi kuyumba. Doughboy na Ricky wametoka katika nyumba moja, kwa mama mmoja, na wote hawana baba. Mmoja ameingia gerezani. Mwingine anakaribia kupata nafasi ya masomo. Ricky anahitaji alama 700 katika mtihani wa kuingilia vyuo. Anauawa uchochoroni, akitoka dukani, muda mfupi baada ya kuachana na Tre njiani, akiwa anakwangua tiketi ya bahati nasibu. Matokeo yake yanafunguliwa na mama yake baada ya kifo: 710. Wapo watakaoiona namba hiyo kama hila ya kumliza mtazamaji, na si uongo kwamba inaliza. Lakini ina kazi nyingine. Inathibitisha kwamba asiye na baba alikuwa amefaulu. Hakuangushwa na malezi. Aliangushwa na risasi mbili, na ugomvi uliozileta ulianza kwa kusukumana bega barabarani.

Upande wa pili yuko Tre, aliyefunzwa miaka 7 na baba hodari. Usiku ule Ricky anapouawa, Tre anachukua bunduki ya baba yake. Furious anamzuia mlangoni, anamsihi, anamkumbatia, na kijana anaisalimisha bunduki. Mtu angetarajia hapo ndipo malezi yatakapovuna. Dakika chache baadaye Tre ametoka kwa dirishani na kuingia katika gari la Doughboy. Filamu inamwonyesha Furious akisubiri peke yake huku akizungusha mkononi vile vidude vyake vya chuma, na kwa mara ya kwanza hana neno la kusema. Tre anashuka njiani kwa hiari yake. Anaomba gari lisimame, likasimama. Hatuambiwi ni nini kilichomshusha. Huenda ni maneno ya baba, yaliyochelewa kufika lakini yakafika. Huenda ni hofu. Singleton anaiacha kamera usoni mwa Cuba Gooding Jr. na kutuachia wenyewe.

Kilicho wazi ni tabia ya Doughboy. Ice Cube anamchezea kwa uso usiobadilika, na ndani ya uso huo kuna jambo ambalo wengi hulipita. Rafiki yake anapotaka kushuka, Doughboy hamzuii wala hamwiti mwoga. Asubuhi yake anavuka barabara na kumwambia kwamba anajua ni kwa nini alishuka, na kwamba hakupaswa kuwemo garini tangu mwanzo. Kazi ambayo Furious hakuweza kuikamilisha mlangoni ilikamilishwa na kijana asiye na baba, yule aliyeambiwa utotoni kwamba hatafika popote. Kama malezi ni kumwelekeza mwenzio mbali na kifo, basi usiku ule mlezi wa Tre alikuwa Doughboy. Hakuna hotuba ya Furious inayoweza kulieleza jambo hili, na filamu ina busara ya kutojaribu.

Na ulimwengu, mwalimu wa methali, ni nani? Hapa ndipo Boyz n the Hood inapokuwa na uwezo mkubwa, kwa sababu haiutaji ulimwengu huo tu, inausikilizisha. Helikopta ya polisi ipo karibu katika kila usiku wa filamu. Mara nyingi haionekani. Inasikika juu ya watu wanaozungumza, juu ya kijana anayejaribu kusoma, na mwanga wake hupita dirishani kama mwanga wa gari linalopita. Watoto wa shule wameichora kwenye michoro yao iliyobandikwa ukutani darasani, pamoja na magari ya polisi na majeneza, na kamera inapita juu ya michoro hiyo bila kusimama, kana kwamba ni maua na nyumba. Hakuna mhusika anayesema neno. Wahusika walioizoea sauti fulani huacha kuisikia. Ni mtazamaji anayeisikia kwa niaba yao.

Polisi huyo wa angani ana mwenzake wa ardhini. Mwaka 1984 Furious anamfyatulia risasi mwizi aliyeingia nyumbani usiku na kumkosa. Polisi wanafika baada ya muda mrefu, na askari Mweusi miongoni mwao anasikitika kwamba hakumuua, kwani angepunguza mmoja. Miaka 7 baadaye askari huyohuyo anamsimamisha Tre barabarani na kumwekea bunduki shingoni. Tre hajafanya kosa lolote. Ana baba, ana shule, ana kazi, ana adabu, na hakuna hata kimoja kinachomsaidia. Anakwenda kwa Brandi, msichana wake, na kupiga hewa ngumi mpaka anaanguka kwa kilio. Mandhari haya yanajibu fundisho la filamu kuliko mandhari mengine yote: ulimwengu unamfunza hata aliyefunzwa. Hayo yalionyeshwa kumbini Julai 1991. Machi ya mwaka huohuo askari wa Los Angeles walikuwa wamempiga Rodney King na kupigwa picha ya video, na Aprili 1992, askari hao walipoachiwa na baraza la mahakama, jiji liliwaka moto. Waliosema kwamba Singleton alitabiri hawakumtendea haki. Aliandika kilichokuwapo.

Lipo pengo moja katika ulimwengu aliouchora, nalo ni kazi. Furious ana ofisi yake ya mikopo ya nyumba. Ni mtu wa kujitegemea, na falsafa yake ni ya kujitegemea. Lakini jirani na mitaa hiyo, huko South Gate, kiwanda cha matairi cha Firestone kilifungwa mwaka 1980 na kiwanda cha magari cha General Motors mwaka 1982. Mwaka 1984, filamu inapoanza, wanaume wengi wa umri wa Furious walikuwa wamepoteza mishahara iliyowawezesha kuitwa baba wa nyumba. Hotuba ya Compton inazungumzia ardhi, pombe, bunduki na dawa, haizungumzii mshahara. Bila mshahara, kutokuwepo kwa baba kunaonekana kama dosari ya tabia tu.

Anayetaka kuona pengo hilo lilivyoweza kujazwa na aitazame Killer of Sheep ya Charles Burnett, iliyotengenezwa Watts, katika jiji hilohilo, miaka ya 1970. Humo baba yupo. Stan anaishi na mkewe na watoto wake, na anafanya kazi machinjioni. Hana hotuba. Amechoka kiasi kwamba hawezi kulala wala kucheza dansi na mkewe hadi wimbo uishe. Watoto wanaruka kutoka paa hadi paa huku wazazi wakiwa ndani. Burnett haulizi kama baba yupo. Anauliza amebaki na nini cha kutoa anaporudi nyumbani. Filamu hizi mbili zikitazamwa pamoja, Furious anaonekana alivyo hasa: si mfano wa kila baba, bali ndoto ya kijana mwenye miaka 22 kuhusu baba ambaye ulimwengu haujamchosha.

Kuna mandhari mengine ambayo mtazamaji wa Afrika Mashariki hawezi kuyapita. Darasani, mwaka 1984, mwalimu anaeleza juu ya sikukuu ya Kimarekani ya kutoa shukrani. Tre anapomkatiza, mwalimu anamwita mbele afundishe yeye. Mtoto anashika fimbo, anaonyesha Afrika kwenye ramani, na kuwaambia wenzake kwamba huko ndiko yalikopatikana mabaki ya binadamu wa kwanza, hivyo kila mtu ametoka Afrika. Mtanzania akisikia hayo anaikumbuka Oldupai, Mwethiopia anaikumbuka Hadar. Lakini mwanafunzi mmoja anajibu kwamba yeye hakutoka Afrika, anatoka Crenshaw, na analitaja genge la huko kama mtu anavyoutaja ukoo wake. Ugomvi unazuka, na kutokana na ugomvi huo Tre anahamishiwa kwa baba yake. Kisa chote, basi, kimeanzishwa na swali la wapi mtu ametoka.

Swali hilo lilikuwa na historia katika jiji hilo. Ni Los Angeles ambako Maulana Karenga aliasisi Kwanzaa mwaka 1966 na kuchagua maneno ya Kiswahili kwa misingi yake saba, kuanzia umoja hadi imani. Lugha ya pwani ya Afrika Mashariki ilipewa watu ambao wahenga wao, kwa sehemu kubwa sana, walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi na ya Kati. Kilikuwa kitendo cha kujichagulia, kama msingi wa pili unavyosema, na Furious, anayemfundisha mwanawe kuitazama Afrika kwenye ramani, anatoka katika kizazi hichohicho cha fikra. Yule mtoto wa Crenshaw naye amejichagulia. Amechagua kilicho karibu, kinachoweza kumlinda akirudi nyumbani saa tisa alasiri.

Leo wamo katika miji ya Marekani na Uingereza watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na wazazi wengi wao hulijibu swali lile kwa namna ya tatu: sisi tunatoka Afrika, hatutoki hapa. Jibu hilo lina mapenzi ndani yake, na lina woga unaoeleweka. Mara nyingi lina pia onyo lisilotamkwa, kwamba mtoto asifanane na vijana Weusi wa mtaa, asivae kama wao, asitembee kama wao. Boyz n the Hood ikitazamwa upesi inalisaidia onyo hilo. Mzazi atamwonyesha mwanawe Tre na Doughboy na kumwambia achague. Ikitazamwa kwa makini, hailisaidii hata kidogo. Askari aliyemwekea Tre bunduki hakumuuliza anatoka nyumba gani. Asingeuliza pia kama nyumbani kwao wanasema shikamoo. Mtoto anayefundishwa kwamba usalama wake unatokana na kutokuwa kama wale wengine amefundishwa jambo ambalo barabara itamkanushia, na siku hiyo atakuwa hana Doughboy wa kumwambia ashuke.

Kwa hiyo mwisho wa filamu ndio unaostahili kubaki na mtazamaji. Doughboy ameketi kando ya Tre kizingitini, asubuhi, mkononi ana kopo lake. Anasema kwamba alifungua televisheni na kuona habari za vurugu za nchi za mbali, lakini hakuona lolote kuhusu ndugu yake. Anahitimisha kwamba wenye habari ama hawajui, ama hawaonyeshi, ama hawajali kinachotendeka mtaani. Ni uchambuzi mfupi kuliko wowote wa Furious na unakwenda mbali zaidi, kwa kuwa unamtazama yule anayetazama. Kisha anasema hana ndugu tena, na wala hana mama, kwa kuwa mama alimpenda yule mwingine kuliko yeye. Tre anamjibu kwamba bado anaye ndugu mmoja.

Katika Kiingereza neno analolitumia Tre linanyooshwa kutoka kwenye damu hadi kwenye urafiki. Kiswahili hakina haja ya kulinyoosha. Ndugu ni yote mawili tangu mwanzo. Hicho ndicho Tre alichojifunza, na haiwezekani kusema kwa hakika alikifunzwa na baba, na mama, au na mtaa wenyewe. Doughboy anamwaga kilichobaki kwenye kopo, anavuka barabara kurudi kwao, na umbo lake linafifia kabla hajafika. Maandishi yanatuarifu kwamba kesho yake aliona ndugu yake akizikwa, na kwamba wiki mbili baadaye naye aliuawa.

Nyumba hizo mbili zinatazamana. Kati yao kuna barabara moja ya mtaa wa kawaida, yenye miti na bustani ndogo, ambayo watoto waliivuka kila siku wakicheza. Maneno ya mwisho ya Singleton kwenye kioo yanawahimiza watu waongeze amani, na kwa kawaida huchukuliwa kwamba yanaelekezwa kwa vijana. Lakini ndani ya filamu yake kijana aliyepoteza kila kitu alikuwa amekwisha kusema ni nani wasiojua, wasioonyesha na wasiojali. Hao nao walikuwa wamekaa kumbini, na wapo bado.